Rangi ya kupendeza, chini yake puti: Datsun ya baba na gereji niliyoiamini

Naandika nikiwa bado na hasira, mnivumilie. Asubuhi hii nimetoboa kwa drili upande wa chini wa mlango wa kushoto wa Datsun 160J ya marehemu baba, mlango uliopakwa rangi miezi michache tu iliyopita, na yakatoka maji. Yalijaza kikombe kikubwa cha chai, nikaweka cha pili nacho kikajaa. Mekundu kwa kutu, yananuka kama kisima kilichosahaulika.

Baba alinunua gari hili enzi ambazo watoto wa Nakuru walilijua jina la Shekhar Mehta, aliyeshinda Safari Rally miaka minne mfululizo, 1979 hadi 1982, akiendesha Datsun. Baba alikuwa karani tu, lakini boneti aliipaka rangi nyeusi isiyong'aa kama magari yale, ili mwanga wa jua usimrudie machoni. Alipofariki, gari lilibaki chini ya mparachichi nyumbani Bahati, kuku wakitaga kwenye kiti cha nyuma. Mwaka 2021 Safari iliporudi kwenye mashindano ya dunia, nilienda Naivasha nikasimama kwenye vumbi na umati, nikaapa kwamba gari la baba litatembea tena, na boneti yake nyeusi.

Injini nimeifanya mwenyewe nyuma ya nyumba, nikisaidiwa na mdogo wangu. Nimeshusha hedi, nimebadilisha cheni, nimepima nafasi za valvu kwa fila geji, na karabureta nimeifungua mara nne mpaka ikaacha kumwaga petroli. Waya zote ni mpya. Viti alishona fundi wa Free Area, kazi safi, sina neno. Kitu kimoja tu kilinishinda: bati. Kuchomelea bati jembamba bila kulitoboa kunataka mkono uliozoea, na rangi inataka kompresa na mahali pasipo na vumbi. Ndipo nikapeleka gari kwenye gereji moja hapa mjini, ambayo jina lake silitaji.

Tulilizunguka gari na mwenye gereji, nikachora kwa chaki kila palipokuwa na kutu: chini ya milango, kwenye vizingiti, na juu ya magurudumu ya nyuma. Tukakubaliana akate bati bovu mpaka afike kwenye chuma safi, achomelee jipya, apake praima ya kuzuia kutu, halafu puti, ule uji mzito wa kujazia mabonde ya bati unaokauka ukawa mgumu, kidogo tu ya kusawazisha. Nikatuma shilingi 85,000 kwa M-Pesa, kwa awamu mbili. Aliahidi wiki tatu, ikapita miezi miwili. Sikulalamika, gari la zamani lina mambo yake.

Siku ya kulichukua nililia. Ile rangi, jamani! Rangi ya zamani ilikuwa imebaki safi mahali pamoja tu, chini ya zulia la buti, na yule bwana aliiangalia pale akachanganya yake kwa jicho, tone kwa tone, mpaka ikawa ileile: maziwa yaliyoguswa na majani ya chai. Mama alitoka jikoni, akaweka kiganja kwenye mlango, akaita jina la baba. Ningeandika siku hiyo, ningewaambia mkimbilie huko na magari yenu yote.

Kisha mvua ikaja. Nikawa nateremka kuelekea mjini, na kila nikikanyaga breki nasikia maji yakitembea ndani ya mlango, chwa, chwa. Baada ya siku chache rangi ikaanza kutoa malengelenge madogo pembeni. Nikachukua sumaku ya spika ya redio kuukuu. Kwenye paa ilinasa. Kwenye boneti ilinasa mpaka nikaivuta kwa nguvu. Chini ya mlango ikaanguka kwenye nyasi. Nikajaribu tena sentimita kumi mbele, ikaanguka. Kizingiti kizima, kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma, hapakuwa na chuma cha kushika.

Hakukata chochote. Alisukuma karatasi za gazeti ndani ya matundu, akapaka puti nene juu, akapiga msasa, akapaka rangi. Kibaya zaidi, aliziba vitundu vya kutolea maji. Mlango wowote wa gari huingiza maji kupitia kwenye mpira wa kioo, na ndiyo maana kiwandani huacha vitundu chini ili yatoke. Ukiviziba, mlango unageuka ndoo. Na puti hunywa maji kama mkate, kutu ikiendelea kula chini yake pasipo kuonekana.

Nilirudi na sumaku mkononi. Nikamwamkia kwa heshima, maana amenizidi umri. Hata kuinama aangalie hakuinama. Akasema mbele ya vijana wake wote, "Mama, mambo ya gari tuachie sisi. Lete mzee wako tuongee." Nikamwambia mwenye gari ni mimi. Akacheka. "Basi lete hata kaka yako." Kucha zangu zilikuwa bado nyeusi kwa grisi ya injini niliyoifunga kwa mikono hii.

Nilitoka bila kujibu kwa sababu ningelia, na sikutaka anione. Getini kijana mmoja wa pale akanikimbilia. "Pole, mama. Tulikuwa tumeanza kukata, tukaambiwa tuache, tujaze tu." Jumapili alikuja nyumbani na mashine ya kuchomelea ya kuazima. Mlango wa kulia tayari tumeukata na kuutia bati jipya. Anachomelea nukta moja hapa, anaruka anaweka nyingine kule, anasubiri ipoe, ili joto lisilipinde bati. Mkono wake umetulia ajabu. Fundi kama huyu kuambiwa ajaze magazeti!

Nilipoanza kuandika nilikusudia kusema: pelekeni huko kazi ya rangi peke yake, bati mtafute kwingine. Hiyo ingekuwa haki, kwa sababu rangi kama ile sijaiona Nakuru nzima, na hata leo nikilitazama gari jioni moyo unalainika. Lakini nikifika kwenye kile kicheko mikono inatetemeka. Hapana, msiende. Mtu mwenye jicho la kuiona rangi ile aliziona pia alama zangu za chaki, akazifunika kwa makusudi, halafu akataka mwanaume wa kuzungumza naye.

Pesa sijarudishiwa. Mlango wa kushoto uko juu ya stuli mbili nyuma ya nyumba, na upande wake wa chini hauna tena bati la kuchomelea. Kama kuna mwenye mlango wa 160J wa mbele kushoto ambao haujaoza, Nakuru, Kisumu au hata Kakamega, aniandikie. Nitakuja kuuona mwenyewe, na sumaku yangu.