Kompyuta ya kuendesha CNC: ununue ipi?

Muuza kompyuta atakusifia prosesa na RAM. Mashine ya CNC, yaani ya kukata au kuchonga inayoongozwa na kompyuta, haijali hayo, inachotaka ni palsi (mipigo ya umeme inayosogeza mota) kufika kwa wakati. Piga hesabu: mota ya stepa, inayozunguka hatua kwa hatua, ina hatua 200 kwa mzunguko, na draiva (kifaa kinachoiendesha mota) ikigawa kila hatua mara 10 zinakuwa palsi 2,000. Kama skrubu husogea milimita 5 kwa mzunguko, kila milimita inakula palsi 400. Kwa mwendo wa milimita 3,000 kwa dakika, hizo ni palsi 20,000 kila sekunde, moja kila mikrosekunde 50. Antivairasi ikiamka hapo katikati, mota hupoteza hatua na kipande unakitupa. Basi jiulize kwanza: palsi zitatengenezwa na nani?

Chaguo la kwanza: kompyuta ya mezani iliyotumika, LinuxCNC (programu ya kuendesha CNC) na kadi ya Mesa 7i76E. Kadi huunganishwa kwa waya wa Ethaneti na kutengeneza palsi yenyewe. Kompyuta inabaki kupeleka maelekezo, kwa kawaida mara 1,000 kwa sekunde. LinuxCNC ni ya bure, kwa hiyo pesa yako iende kwenye kadi. Kwa lathi au milingi ya kazi nzito, sioni sababu ya kuhangaika na kingine.

La pili: Arduino Uno (bodi ndogo ya kielektroniki) yenye GRBL, programu inayokaa ndani yake na kutengeneza palsi. Kwa ruta ndogo (mashine ya kuchonga mbao) yenye mihimili mitatu ya mwendo, inatosha. Kikomo chake ni takriban palsi 30,000 kwa sekunde. Hapa hata laptopu kuukuu inafaa, maana kazi yake ni kutuma mistari ya G-code (maelekezo ya mwendo wa mashine) kupitia USB. Zima tu hali ya kulala, na waya wa USB uwe mfupi na upite mbali na nyaya za spindo (mota inayozungusha kikata). Bila hivyo mawasiliano hukatika kazi ikiwa katikati.

La tatu: kompyuta ya mezani yenye poti ya printa ya pini 25. Ndiyo rahisi kuliko zote kwa bei, ila palsi zinatengenezwa na kompyuta yenyewe, kwa hiyo ipime kabla ya kulipa. Nenda na LinuxCNC kwenye flashi, washa, fungua jaribio la latency-test, linalopima ucheleweshaji wa kompyuta, kisha cheza video na kuburuta madirisha kwa dakika kadhaa. Ucheleweshaji wa mikrosekunde chini ya 20 ni mzuri sana. 30 hadi 50 utavumilia mwendo wa polepole. Ikigonga 100, irudishe mezani. Umri si hoja: niliwahi kupima mpya ikatoa 180, halafu kuukuu iliyokuwa imewekewa vitabu juu ikatoa 12. Ukitaka Mach3 (programu ya CNC ya Windows) kwa poti hii, lazima Windows iwe ya biti 32, kwani programu yake ya kuendesha poti haifanyi kazi kwenye ya biti 64.

Usinunue: kebo ya kugeuza USB kuwa poti ya printa. Imetengenezwa kwa printa, haitoi palsi za mota. Laptopu yenye poti hiyo nayo iache, kwa sababu mfumo wake wa kubana umeme hukatiza kazi bila taarifa.

Vyovyote utakavyochagua, kitufe chekundu cha dharura kikate umeme wa mota moja kwa moja, kisipitie kwenye programu. Kompyuta ikiganda, programu nayo imeganda.