Mkanda wa kunolea wembe wa kukunja: upi ununue kwanza

Wembe ninaousema hapa ni ule wa kizamani wa kukunja, sio ule kinyozi anavunja kati akimaliza anatupa. Huu unakaa nao miaka, kwahiyo kila kabla ya kunyoa lazima uupitishe kwenye mkanda wa ngozi, la sivyo baada ya siku chache unang'oa ndevu badala ya kunyoa. Mkanda haunoi kama jiwe lakini, unanyoosha tu makali yaliyopinda.

Namba moja kwangu ni mkanda wa kuning'iniza wa ngozi ya ng'ombe, upana inchi 3, wenye turubai kwa nyuma. Inchi 3 wembe wote unalala, hupati shida ya kuupitisha kimshazari kama mwenye wa inchi 2. Na chukua wa bei ya chini, maana wa kwanza utaukata tu, mi wangu niliukata siku ya pili, nimefika mwisho nikageuzia makali badala ya kugeuzia mgongo, kipande cha ngozi kikasimama kama ulimi. Nikabandika na supaglu, nikapitisha msasa laini, natumia hadi leo ila kovu lipo.

Namba mbili kibao, yaani ngozi imegandishwa kwenye ubao. Kinamfaa mpangaji ambaye mwenye nyumba hataki kuona msumari ukutani. Vingi ni vifupi mno ila hata fundi viatu anakutengenezea, mwambie unataka ngozi ya miwati, yaani iliyolainishwa kwa magome ya mti wa muwati, sio ya kromu ile ya kemikali, na ubao uwe umenyooka kweli.

Kodovani, ngozi ya makalio ya farasi, ni tamu balaa, lakini kiwanda cha ngozi cha Horween cha Chicago wanaiandaa si chini ya miezi 6 na bei inakueleza hivyo, subiri mkono ukomae.

Mwisho kabisa ni zile seti za wembe, mkanda na dawa ya kijani ya kunolea, ile ya kupaka kwenye ngozi, kwa bei ya chipsi kuku. Nyingi ni ngozi bandia, achana nazo. Na dawa ya kijani hata ikiwa nzuri usipake kwenye mkanda wa kila siku, tafuta kipande kingine.

Kutumia: vuta mkanda ukaze, ukilegea makali yanaviringika. Laza wembe, mgongo utangulie makali yafuate, turubai mara 20 ngozi mara 40, usikandamize.

Kutunza sasa. Usugue kwa kiganja kikavu kabla ya kuanza, mafuta ya mkono yanatosha, ukikauka sana ndo tone la mafuta ya kutunzia vitu vya ngozi, ya kupikia hapana jamani yatanuka. Usiukunje, usiuache bafuni, hasa sisi wa Pwani ukungu hauchelewi. Na wembe ufute ukauke hadi kwenye mpini, tone la maji likinywewa na ngozi pale panavimba, kila ukipitisha wembe utapasikia.