Honda CG125 ya zamani na spea za Kichina: uzoefu wangu Tanga

Kama una pikipiki ya Honda CG125 iliyolala bandani, usihangaike kuagiza spea za Kijapani. Za Kichina zinatosha, ila si zote, na muuza duka hatakwambia zipi za kuacha.

Tuanze na zinazofaa. Honda walianza kuitoa CG125 mwaka 1976, wakilenga nchi ambazo pikipiki hubebeshwa magunia na oili hubadilishwa mwenyewe akikumbuka. Ndani hakuna cheni ya taiming, valvu zinasukumwa na fimbo. Viwanda vya China vikainakili injini hiyo, na bodaboda nyingi za 125 mnazopanda kila siku zimezaliwa humo. Faida yake niliiona wakati wa kufunga: pistoni, ringi, gasketi na sahani za klachi vyote vimekaa bila kupigwa tupa. Lakini nenda na pistoni yako ya zamani mkononi, mpime hapo hapo dukani. Ya 125 ina kipenyo cha milimita 56.5, na ya 150 ni 62. Muuzaji akiishiwa atakuapia kwamba zinaingiliana. Nafasi ya valvu niliiweka milimita 0.08 kwa fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia, injini ikiwa baridi kabisa, na ule mlio wa cherehani ukaisha.

Kabureta mpya ilikuja inabania mafuta. Pikipiki inawaka vizuri, ukivuta mlimani inakohoa, ukifungua plagi ni nyeupe pee. Nilishusha klipu ya sindano kidato kimoja ili mafuta yaongezeke, plagi ikarudi kahawia. Kwa bei yake sina lawama.

Sasa vitu vya kung'aa. Hapo jamani, shika pesa yako. Mimi nakaa Sahare, upepo wa bahari unaingia mpaka kabatini. Rimu mpya ya kromu ilianza madoa ya kutu kabla vinyweleo vya tairi havijaisha. Bomba la moshi ndiyo usiseme. Wakati huo madigadi ya Honda yenyewe, ya miaka hiyo, nimeisugua kwa foili ya jikoni iliyokunjwakunjwa na maji, nikapaka oili kidogo, inang'aa. Kwa hiyo spea za injini nazipa nyota tano, za kromu sizipi hata moja. Chuma cha zamani kikisafishika, kisafishe.

Vifuniko vya injini vya aluminiamu nilipiga msasa namba 400, nikaenda mpaka 1000, kisha nikamalizia kwa katani iliyofungwa kwenye drili na dawa ya kung'arishia. Ukiwa mkoa wa mkonge huna sababu ya kununua brashi ya kutoka nje.

Tangi lilikuwa na kutu ndani. Nilijaza siki nyeupe na nati chache, nikaliacha lilale, nikatikisa mpaka mikono ikauma, nikasuuza kwa maji ya magadi soda ili kuua ile asidi. Likishakauka juani usilale nalo tupu. Kwa unyevu wa huku kutu hurudi fasta. Nililisuuza kwa petroli yenye oili, nikajaza. Rangi nimeiacha nyekundu, kwa sababu kadi inasema nyekundu na sitaki maswali ya trafiki.

Mbwembwe niliyojiruhusu ni siti bapa na usukani wa chini. Siti ameshona fundi wa Ngamiani, juu ya sponji la godoro, na mshono wake umenyooka kuliko wa kiwandani. Dereva anakaa vizuri. Abiria, tuseme ukweli, hana raha: mke wangu hupanda mpaka soko la Mgandini tu, zaidi ya hapo anaita bajaji.