Uzoefu wangu na batched ya Python, baada ya kuwaacha akina Wafula

Nawatunzia wafanyabiashara fulani wa soko la Kibuye, hapa Kisumu, programu ndogo ya kutuma ujumbe wa mikutano ya chama chao. Wako 643. Kampuni inayotufikishia SMS hupokea namba 100 tu kwa mkupuo, kwa hivyo lazima orodha ikatwe mafungu.

Mwanzoni nilijikatia mwenyewe. Nikagawanya 643 kwa 100 kwa alama ya `//`, nikapata 6, nikazungusha mara sita, nikaenda kunywa chai. Alama hiyo hutupa baki! Watu 43 hawakupata kitu. Na kwa kuwa majina yamepangwa kialfabeti (huku kwetu herufi O peke yake hujaza kurasa), waliokaa mkiani ni akina Wafula, Wanjala, Wekesa na Were. Siku ya mkutano hawakuonekana. Mweka hazina, mama Mluhya wa Bungoma kama wengi wa hao, akanipigia simu: "Kijana, hiyo kompyuta yako nayo ina kabila?"

Ndipo nikahamia `itertools.batched`, amri ya kukata orodha mafungu iliyoingia mwaka 2023 katika toleo la 3.12 la Python, lugha ya kuandikia programu. Kazi yote ni hii:

```
from itertools import batched

for fungu in batched(namba, 100):
    tuma(fungu)
```

Mafungu sita ya 100, la saba la 43. Hakuna hesabu ya kukosea. Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba haihitaji kujua urefu wa orodha: naipa faili, inasoma mstari kwa mstari na kutoa fungu likishajaa.

Lakini ina vijimambo vyake. Kila fungu huja kama `tuple`, haliongezwi wala kupunguzwa. Nilitaka kupachika namba yangu kwenye kila fungu ili nione kama limefika, nikatupiwa kosa hadi nilipoandika `list(fungu)` kuligeuza orodha ya kawaida, na hapo nikakumbuka kushusha 100 iwe 99. Toleo la 3.13 limeongeza `strict=True`, ambayo hugoma fungu la mwisho likipungua. Kwangu haifai, kwa anayepanga timu za mpira huenda ikamfaa.

Usiichanganye na `array_split` ya NumPy, maktaba ya hesabu ya Python. Ile ukiiambia 100 inakupa mafungu mia moja, si mafungu ya watu mia.

Nyota nne kati ya tano. Moja nimeikata kwa sababu kompyuta ya chama ina mfumo endeshi wa Ubuntu 22.04, unaokuja na Python 3.10, na huko `batched` haipo kabisa. Pale nimebaki na njia ya kale, ambayo nayo haimwachi mtu:

```
for i in range(0, len(namba), 100):
    tuma(namba[i:i+100])
```

Mweka hazina bado hunipigia kila nikituma, kuuliza kama herufi W imefikiwa.