Mbegu za kasuku za kupima kwa kilo Mwanza: sauti ikianza kukwaruza, anzia kwenye kibakuli

Mchanganyiko huu unapatikana kwenye maduka ya vyakula vya mifugo mjini, pembeni ya magunia ya pumba na chakula cha kuku wa mayai. Hauna lebo wala tarehe. Umwage kwenye ungo uone kilichomo: alizeti ndiyo imejaa, kisha mtama, mahindi ya kuvunjwa na karanga, na mara nyingine konokono wa ziwani waliosagwa. Kwa njiwa hauna neno. Kwa kasuku anayeongea tunaupa nyota mbili kati ya tano, na hiyo ya pili ni kwa ajili ya mtama.

Tatizo lake hujitokeza kwenye sauti, na hapo ndipo wafugaji wengi hupotea. Mtu akisema "kasuku wangu ameacha kuongea" huenda anazungumzia moja ya mambo mawili yasiyofanana kabisa. La kwanza ni maneno kupungua. Ndege aliyezoea kukupokea kwa "mwangaluka" sasa anapiga mluzi tu, au ananyamaza. Kama anakula vizuri na kinyesi chake ni kilekile, tafuta sababu nyumbani: amehamishwa chumba, mtu wake amesafiri, anabadili manyoya, au amebalehe na anataka mwenza. Kasuku wa kijivu akiwa mchanga asidaiwe maneno kabisa, maana wengi huanza kutamka yanayoeleweka kati ya mwaka mmoja na miwili. La pili ni sauti yenyewe kugeuka: maneno ni yaleyale ila yanatoka yakikwaruza, yamekuwa membamba, au mluzi unakatikia njiani. Hilo ni la mwili.

Sauti ya kasuku haitoki kooni kama yetu. Inatengenezwa na sirinksi, kiungo kilicho chini kabisa ya bomba la hewa, pale linapogawanyika kwenda kwenye mapafu. Ni sehemu nyembamba, na kitu kidogo tu kikiota hapo kinasikika. Alizeti na karanga zina mafuta mengi, lakini vitamini A karibu hakuna, na kalsiamu ni haba. Vitamini A ikikosekana kwa miezi, ngozi laini ya ndani ya mdomo na njia ya hewa hukakamaa, vidoa vyeupe hutokea, na vijidudu hupata pa kushika.

Halafu kuna kuvu, na kwa hili mji wa kando ya ziwa hauhitaji kuelezwa unyevu ni nini. Gunia lililo wazi sakafuni wakati wa masika ni shamba la kuvu. Jamii ya Aspergillus humdhuru kasuku kwa njia mbili: wapo wanaotengeneza sumukuvu kwenye karanga na mahindi, ambayo huharibu ini, na wapo ambao vumbi lao likivutwa huweza kuota ndani ya sirinksi yenyewe. Mabadiliko ya sauti huweza kutangulia dalili nyingine zote.

Kwa hiyo kabla hujalipa, pasua karanga kumi katikati. Ukiona ukijani, weusi au unga, acha. Nusa kiganja cha alizeti: harufu ya mafuta yaliyochacha au ya stoo yenye unyevu inatosha kukurudisha nyumbani. Nunua ya wiki mbili tu. Kuiweka kwenye friza siku kadhaa huua wadudu, lakini kuvu haiui, na sumukuvu haiondoki yote hata ukikaanga.

Kosa jingine la mchanganyiko huu ni kwamba kasuku huchagua. Anakula alizeti, anaacha mtama, maganda yanabaki juu, na mwenye nyumba anaona kibakuli kimejaa. Pepeta kila jioni ujue alichokula kweli.

Tunavyoshauri, mbegu zibaki kuwa kijiko kimoja cha chakula kwa siku kwa kasuku wa kijivu wa gramu 400 hadi 500, nyingi zikiwa mtama. Chakula chenyewe kiwe peleti za kasuku (chakula cha kiwandani cha vidonge) ukizipata. Usipozipata, pika maharage mpaka yalainike kabisa (mabichi ni sumu) uchanganye na mahindi au wali wa mchele usiokobolewa. Juu yake weka karoti, boga, viazi lishe vya rangi ya machungwa vilivyochemshwa, majani ya maboga au sukuma wiki. Mchicha usiwe wa kila siku kwa sababu hubana kalsiamu. Pilipili mpe, haimwashi. Parachichi kamwe, hata kipande. Dagaa wa soko la Mwaloni waache kwa paka.

Usibadilishe kwa siku moja. Punguza mbegu kidogo kidogo kwa wiki nne hadi sita, ukimpima kila asubuhi kabla hajala kwa mizani ya jikoni inayosoma gramu. Akipungua sehemu moja ya kumi ya uzito, simama umpeleke kwa daktari wa mifugo. Unga wa vitamini vya vifaranga ambao wauzaji hupenda kuufungasha pamoja na mbegu hatuupendekezi: majini huharibika haraka, hubadilisha ladha ndege akanywa kidogo, na kipimo chake kiliandikwa kwa ajili ya kuku.

Rekodi sauti yake kwenye simu mara moja kwa wiki, neno lilelile, ili uwe na cha kulinganisha. Kabla ya kulaumu mbegu peke yake, weka pia tundu lake mbali na jiko la mkaa, ubani na dawa ya mbu ya kuchoma. Kikaango kisichoshika chakula (cha tefloni) kikiunguzwa moshi wake huua ndege kwa dakika chache.

Sauti ikipotea ndani ya siku chache, au mkia unapanda na kushuka akiwa ametulia, au anahema mdomo wazi, usimalize kwanza kilo uliyonunua. Mpeleke siku hiyohiyo, kwenye boksi lenye giza na matundu ya hewa, na ubebe mfuko wa mbegu daktari auone.