Vifaa vitatu vya kuipa nguvu Ford Mustang ya 1967, vikipimwa kwa joto na foleni za Dar es Salaam

Mmiliki wa Ford Mustang ya 1967 jijini Dar es Salaam anayetaka injini yake ya V8 ya inchi za ujazo 289 ivute vizuri zaidi hukutana na ushauri wa aina mbili. Mafundi wengi humwambia aing'oe aweke ya Toyota, ambayo spea zake zimejaa Kariakoo na Ilala, na wapenzi wa magari haya walioko Marekani humwambia anunue kila kinachong'aa katika orodha ya vifaa. Mapitio haya yanahusu njia iliyo katikati, yaani vifaa vitatu vilivyoagizwa kutoka Marekani na kufungwa katika gereji moja ya Chang'ombe: moduli ya PerTronix Ignitor inayochukua nafasi ya pointi ndani ya distributa, kabureta ya Edelbrock namba 1403, na manifoldi ya kuingizia hewa ya Edelbrock Performer 289. Niseme mapema kwamba kifaa cha bei ndogo kuliko vyote ndicho kilichostahili fedha yake zaidi, na kwamba hivyo viwili vikubwa sivipendekezi kwa mtu ambaye bado hajashughulikia suala la joto chini ya boneti.

Ni vyema kwanza kuelewa injini yenyewe ilitoka kiwandani ikiwa na nini. Toleo la kabureta ya matundu mawili, Autolite 2100, lilitangazwa kuwa na nguvu-farasi 200 kwa mizunguko 4,400 kwa dakika na kompresheni (mgandamizo wa mchanganyiko ndani ya silinda) ya 9.3 kwa 1. Toleo la matundu manne la mwaka huohuo lilitangazwa kuwa na 225 kwa mizunguko 4,800, lakini kompresheni yake ilikuwa 9.8. Maana yake ni kwamba tofauti nzima kati ya matoleo hayo, kwa hesabu ya Ford wenyewe, ni nguvu-farasi 25, na sehemu ya hizo ilitokana na kompresheni wala si kabureta na manifoldi peke yake. Tena takwimu hizo ni za upimaji wa zamani, injini ikiwa juu ya meza bila silensa ya gari wala mizigo mingine inayoifyonza nguvu. Viwanda vya Marekani vilihamia kwenye takwimu halisi zaidi mwaka 1972. Kwa hiyo muuzaji anayeahidi kwamba kabureta na manifoldi vitaongeza nguvu-farasi 50 kwenye injini isiyoguswa kwingine aulizwe zitatoka wapi.

Dar es Salaam nayo ina masharti yake. Jiji liko usawa wa bahari, jambo ambalo ni neema, kwa sababu injini inavuta hewa iliyo nzito kuliko inayopatikana Arusha, ambako jeti (vitundu vya kupitishia mafuta) za kabureta iliyopangiwa hapa zingekuwa kubwa mno. Neema hiyo hupunguzwa na joto: hewa ya nyuzi 32 ni nyepesi kwa takriban asilimia 5 hadi 6 kuliko hewa ya nyuzi 15, na ikiwa injini inavuta hewa iliyokwisha kuchemshwa na rejeta ndani ya boneti, hasara inakuwa kubwa zaidi. Kuhusu petroli, msomaji aangalie asichanganye vipimo. Namba ya okteni, yaani ya uwezo wa petroli kuzuia injini isigonge, inayoandikwa kwenye pampu za Marekani ni wastani wa vipimo viwili, na ile tunayoitumia huku ni ya kipimo kimoja chenye namba kubwa zaidi, hivyo 91 ya Kimarekani inakaribia 95 au 96 ya kwetu. Wapo waliorudisha nyuma taimingi (wakati wa kutoka cheche) ya magari yao bila sababu, au wakaisogeza mbele kupita kiasi hadi injini ikaanza kugonga, kwa kusoma namba hizo kana kwamba ni kitu kimoja.

Nianze na Ignitor. Distributa ya awali hutumia pointi zinazofunguka na kufunga ili koili itoe cheche, na pointi hizo huchomeka, huchakaa kwenye kisigino chake, na mwanya wake unapobadilika taimingi nayo hubadilika. Kwa gari linalotumika mara moja moja katika hewa ya chumvi ya pwani, hali huwa mbaya zaidi kwa sababu uso wa pointi huota kutu hata likiwa limeegeshwa. Ignitor huondoa pointi na kondensa yote mawili, ikaweka pete yenye sumaku juu ya shafti na kihisi kidogo pembeni yake. Kifuniko cha distributa kinarudi palepale na hakuna anayejua kwamba kuna kilichobadilishwa. Kufunga kwake ni kazi ya muda mfupi kwa fundi anayesoma maelekezo. Suala moja tu linahitaji uangalifu: Ford waliweka kwenye njia ya koili waya wenye ukinzani ili kushusha volti na kuzilinda pointi zisiungue, ilhali waya mwekundu wa Ignitor unataka volti 12 kamili. Fundi wa umeme wa magari aliyezoea Kijapani hawezi kulijua hilo kwa kuangalia tu, kwa hiyo achukue umeme kabla ya waya huo na athibitishe kwa mita. Vilevile, koili ya injini ya silinda nane isiwe na ukinzani chini ya omu 1.5, na mtengenezaji anaonya kwamba moduli hii ya toleo la kwanza inaweza kuungua swichi ikiachwa wazi kwa muda mrefu huku injini imezimwa. Vijana wa kuosha magari wanaopenda kusikiliza redio ya gari waambiwe watumie nafasi ya swichi inayowasha redio bila kuwasha koili.

Matokeo yake yalionekana bila kupima. Injini inashika haraka ikiwa na joto, mlio wa silensa gari likiwa limesimama umekuwa sawa badala ya ule wa kusitasita, na tetemeko dogo lililokuwa likija kwenye mwendo wa kati likatoweka. Sitadai kwamba kifaa hiki kiliongeza nguvu kuliko pointi mpya zilizopangwa kwa usahihi. Kilichofanya ni kuirudisha nguvu iliyokuwa ikipotea na kuihakikishia taimingi mahali pamoja, na kwa gari la umri huu hilo ndilo boresho lenyewe.

Kwenye kabureta, uamuzi mkubwa ni ukubwa, na hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Edelbrock hutengeneza ndogo inayopitisha futi za ujazo 500 za hewa kwa dakika, ambayo ndiyo 1403, na nyingine maarufu zaidi ya 600, namba 1406, na karibu kila mtu hununua ya pili kwa imani kwamba kubwa ndiyo yenye nguvu. Hesabu yake si ngumu: zidisha inchi za ujazo 289 kwa mizunguko 5,500, gawanya kwa 3,456, na utapata takriban futi 460, kama silinda zingejaa kikamilifu. Injini ya kawaida ya barabarani haijazi silinda zake kikamilifu; tukichukua asilimia 85, inabaki chini ya futi 400. Kabureta ya 500 kwa hiyo inatosha na kubaki. Kabureta kubwa kuliko hitaji hupitisha hewa kwa mwendo wa pole mno, mafuta hayavutwi wala hayachanganyiki sawasawa, na dereva huhisi gari likisita kila anapokanyaga kutoka kwenye taa. Ni kama kunywa maji ya dafu kwa bomba la bafuni. Wanaolinganisha namba za kabureta ya zamani na mpya wakumbuke pia kwamba zile za matundu mawili hupimwa kwa mvuto mara mbili ya ule unaotumika kwa zenye matundu manne, hivyo namba zake huonekana kubwa kuliko hali halisi.

Sifa niliyoipenda kuliko zote katika 1403 ni urahisi wa kuipanga. Sindano za kupimia mafuta hutolewa kutoka juu kwa kulegeza skrubu na kuinua kibati kidogo, bila kukifungua kifuniko cha kabureta wala kuing'oa kwenye manifoldi. Fundi anaweza kubadilisha sindano kando ya barabara, akaendesha, akazitazama plagi, na kubadilisha tena. Jeti zenyewe zinahitaji kifuniko kifunguliwe, lakini mara nyingi sindano peke yake zinatosha. Matundu ya nyuma yana kibao chenye uzito kinachofunguka kwa mvuto wa hewa, hivyo gari halishtuki unapokanyaga hadi mwisho. Linaongezeka kwa mfululizo ambao abiria hauoni ila kwa mgongo wake kukandamizwa kwenye kiti. Shinikizo la pampu ya mafuta lisizidi psi 6.5, na pampu ya kawaida ya injini hii haizidi hapo. Anayefunga pampu ya umeme ya magari ya injeksheni kwa sababu ameiona ikiuzwa Gerezani atayafurisha mabakuli ya mafuta ya kabureta hadi mafuta yamwagike juu ya injini yenye moto, na hilo si suala la utendaji tena bali la usalama.

Udhaifu wa kabureta hii ni joto, na hapa Dar es Salaam udhaifu huo hauwezi kupuuzwa. Mwili wake wa aluminiamu unakaa juu ya manifoldi ya aluminiamu, na chini yake kuna njia inayopitisha moshi wa moto kutoka upande mmoja wa injini kwenda mwingine. Njia hiyo iliwekwa ili kuyapasha mafuta asubuhi za baridi kali za Marekani. Sisi tusiojua asubuhi ya nyuzi 5 tunalipia faida ya watu wa Michigan: gari likizimwa baada ya foleni ya Mwenge, mafuta huchemka ndani ya bakuli, mvuke hujaa kwenye koo la kabureta, na injini hukataa kuwaka mpaka ukanyage mafuta hadi chini na kupiga stata kwa muda mrefu. Dawa ziko mbili na zote ni nafuu. Ya kwanza ni kuziba njia hiyo ya moshi kwa gasketi zisizo na tundu wakati manifoldi inafungwa. Ya pili ni kuweka gasketi nene ya kuzuia joto kati ya manifoldi na kabureta. Choki ya umeme nayo ipangwe iachie mapema, maana hapa hailazimiki kufanya kazi kubwa.

Papo hapo nikemee desturi moja ya gereji zetu, yaani kutoa tamostati (vali inayodhibiti joto la maji ya injini) pindi gari linapochemsha. Injini hii imekusudiwa kufanya kazi ikiwa na joto la kutosha, na bila tamostati hukaa baridi mno barabara ikiwa wazi, huku foleni ikiendelea kuichemsha vilevile kwa sababu tatizo halisi lilikuwa rejeta iliyoziba au kava la feni lililopotea. Tamostati ya nyuzi 82 ibaki mahali pake.

Manifoldi ya Performer 289 ina sifa chache za kuelezwa. Ni nyepesi kuliko ile ya chuma, imekusudiwa mizunguko ya kuanzia silensi (injini ikiwaka bila kukanyagwa mafuta) hadi 5,500, haizidi urefu wa kuzuia boneti kufunga, na ni ya lazima kwa sababu kabureta ya matundu manne haikai juu ya manifoldi ya matundu mawili bila adapta inayoharibu faida yote. Kuifunga ndiko kunakotaka fundi mtulivu. Distributa lazima itolewe, na alama ya mahali pa rota iwekwe kabla. Gasketi za kizibo za mbele na nyuma zinazokuja kwenye pakiti hupenda kuteleza, na mafundi wazoefu huziacha na kutumia silikoni. Boliti hukazwa kwa awamu kuanzia katikati. Gereji niliyoitumia ilikuwa na vijana hodari wa injini za silinda nne, na mpangilio wa cheche wa 1-5-4-2-6-3-7-8 ulibandikwa kwenye kioo cha mbele ili usisahaulike. Walichokosa ni taa ya kupimia taimingi, kwa kuwa wamezoea kupanga kwa sikio. Sikio halitoshi. Tulipoipata taa, taimingi ikawekwa nyuzi 10 za mzunguko wa injini kabla ya pistoni kufika juu, injini ikiwa silensi, na jumla ya takriban 36 kwenye mizunguko ya juu, na tofauti iliyoletwa na hatua hiyo ilizidi ile ya manifoldi.

Barabarani, gari sasa lina mambo mawili ambayo halikuwa nayo. Kwenye Barabara ya Bagamoyo, mahali ambapo lilianza kuchoka baada ya mizunguko 4,000, linaendelea kupanda. Na katika mwendo wa kawaida, matundu mawili ya mbele yakifanya kazi peke yake, halinywi mafuta zaidi ya zamani, jambo lenye uzito kila EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati, inapotangaza bei kikomo za mwezi. Kwa mwendo wa foleni kati ya Morocco na Mwenge sikuona faida yoyote ya vifaa viwili vikubwa, na mwenye safari za aina hiyo tu angenufaika zaidi kwa kubadilisha uwiano wa difu, kwa mfano kutoka 2.80 kwenda 3.25.

Anayeendesha kwa kasi na mzigo kwa muda mrefu akumbuke pia kwamba silinda hedi za 1967 zilitengenezwa enzi za petroli yenye risasi, na viti vya valvu za kutolea moshi havikuwa vya chuma kigumu cha kuongezewa. Hedi zikifunguliwa kwa sababu nyingine, viti hivyo vibadilishwe papo hapo. Na kama giaboksi ni ya otomatiki ya C4, oda isitumwe kabla ya kuongeza kiunganishi cha Ford cha fimbo ya kushushia gia, kwa kuwa mkono wa kabureta ya Edelbrock hauishiki fimbo ya awali, na bila kiunganishi hicho gari litabadilisha gia kama kawaida lakini halitashuka gia dereva anapokanyaga hadi mwisho ili kulipita lori.