Semina ya hewa ukaa hapa Mwanza: buku kumi yangu haijapotea, ila wamrudie yule mama

Wakuu niliahidi mrejesho wa ile semina ya jumamosi ya teknolojia za kufukia hewa ukaa, ile gesi ya moshi inayoipasha dunia joto, na kupooza dunia. Ukumbi mmoja tu hapa mjini, kiingilio elfu 10, chai na chapati mbili humohumo. Nawapa nyota 4 kati ya 5.

Mi kilichonipeleka ni ziwa, 2020 maji yalivyopanda nyumba ya mama mkubwa kule ufukweni tulitoa magodoro usiku, kwa hiyo mtu akisema ana dawa ya hali ya hewa lazima nimsikilize.

Mtoa mada kijana ila kazi anaijua. Alianza na soda, akaitingisha akaifungua pale mbele ikafoka mpaka kwenye kiatu chake, akasema hewa ukaa ndo hiyo, ukiikandamiza inatulia ndani ya maji, na Iceland wanafanya hivyohivyo, wanaichanganya na maji wanaisukuma chini kwenye mwamba wa basalti, jiwe jeusi la volkano, na ndani ya kama miaka miwili sehemu kubwa inakua jiwe. Tukaonyeshwa picha, jiwe jeusi lina madoa meupe kama chumvi iliyoganda kwenye sufuria, hayo meupe ndo hewa yenyewe! Jamaa wa nyuma akasema basi Mwanza tumetoka, mawe kila kona, akajibiwa hapana, haya yetu ni graniti, madini ya kuigeuza hewa kuwa jiwe, kalsiamu na magnesiamu, yake kidogo, hewa haishiki. Hapo nikamkubali, hakutupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Hata mtambo wa Mammoth wa kunyonya hewa ukaa toka angani, uliofunguliwa kulekule Iceland 2024, alisema wazi lengo lake ni tani 36,000 kwa mwaka wakati dunia inatoa zaidi ya bilioni 35.

Sasa nyota niliyokata. Mama mmoja muuza dagaa wa Mwaloni alisimama akauliza, "mwanangu, hiyo hewa mkishaifukia, ikitoka usiku tumelala je?" Ukumbi kimya. Na lile sio swali la kupuuza jamani, Agosti 1986 ziwa Nyos kule Cameroon lilitoa hewa ukaa iliyojikusanya chini ya maji usiku ikaua watu kama 1,700 na mifugo yao. Kijana akaeleza vizuri tu kwamba Victoria haina kina hicho, ni kama mita 80 na maji yake yanachanganyika kila mwaka gesi haipati pa kujikusanya, la kuangaliwa ni ziwa Kivu kule Rwanda na Congo. Sawa, lakini mama hakuuliza ziwa, kauliza ya kufukia! Angemwambia tu Norway wanafukia chini ya bahari pale Sleipner tangu 1996, kwa miaka mingi ilikua karibu tani milioni moja kwa mwaka, na wanapima inakoelekea. Badala yake akasema muda umeisha tuendelee, mama akakaa, na slaidi zilizofuata zote kiingereza kitupu, sidhani kama alipata kitu tena.

Ya kupunguza makali ya jua ili dunia ipoe ndo iliwasha moto. Volkano ya Pinatubo ililipuka 1991 salfa ikapanda juu ikakinga jua dunia ikapoa kama nusu digrii, sasa kuna wanaotaka kuimwaga wenyewe kwa ndege. Watu walikataa palepale, mzee mmoja mkulima wa pamba kasema mvua yangu ikihama namdai nani? Na hatuko peke yetu, Wasaami, wenyeji wa asili wa kaskazini mwa Sweden, walipinga jaribio la puto la teknolojia hiyo 2021 likasimamishwa, na Nairobi 2024 kwenye mkutano wa mazingira wa Umoja wa Mataifa nchi za Afrika zilikaza kuipinga. Mwisho tuliponyoosha mikono, ya jiwe ilipata wengi, ya jua mikono ya kuhesabu. Mi nilinyoosha ya jiwe, kwa sharti tuulizwe kabla mtu hajachimba.

Waandaaji, slaidi za kiswahili tafadhali na maswali yapewe saa nzima. Awamu ijayo nakuja na shemeji yangu wa Igombe, anavua dagaa usiku, ana swali lilelile la yule mama.